Kondoo kavimba taya? Mpige sindano tu!

Bongo kuna sindano moja inayotibu kila kitu. Kondoo anakohoa, sindano. Anachechemea, sindano. Kavimba taya, mate yanamtiririka, majani aliyocheua yanamdondoka kabla hajayameza, sindano ile ile, kutoka chupa ile ile, kutoka duka lile lile lenye picha ya ng'ombe wa Ulaya ukutani. Asipopona siku tatu anapigwa nyingine. Asipopona tena anapelekwa mnadani akiwa bado anatembea, na siku mbili baadaye mimi na wewe tunamla kwa ndizi na pilipili.

Swali langu ni dogo, wala halihitaji semina elekezi wala posho ya kikao: katika safari yote hiyo, nani alimfungua kondoo mdomo akaangalia?

Najua mnavyowaza. Huyu leo kakosa cha kuandika, nchi ina mambo mazito, yeye anatuletea midomo ya kondoo. Vumilieni kidogo. Nasema hivi: namna tunavyomtendea kondoo aliyevimba taya ndiyo namna tunavyotenda mambo mengi katika nchi hii. Tunakisia, tunalipia makisio, halafu tunashangaa ugonjwa haukusikia.

Tuanze na hilo neno "uvimbe". Uvimbe si jina la ugonjwa, wandugu. Ni sawa na kumwambia fundi "gari inapiga kelele". Kelele gani? Ya wapi? Tangu lini? Fundi anayebadilisha injini kabla ya kufungua boneti tunamwita mwizi. Anayemchoma kondoo dawa kabla ya kumfungua mdomo tunamwita mtaalamu.

Uvimbe laini chini ya taya, unaobonyea kwa kidole kama unga uliokandwa na kuacha shimo, mara nyingi hauna uhusiano wowote na mdomo. Ni maji, na yanatokana na upungufu wa damu na protini kwa sababu ya minyoo wanaonyonya damu tumboni, au minyoo bapa wa ini. Kunjua kope la jicho: likiwa jeupe kama karatasi, umeshapata fununu kubwa. Antibayotiki haimgusi mnyoo.

Uvimbe wa duara, pale tezi zilipo chini ya sikio au nyuma ya taya, ukiuchoma sindano tupu ukavuta usaha mzito wa rangi ya kijani kama jibini, huo huenda ni ugonjwa wa tezi unaoletwa na bakteria. Ukiupasua zizini kwa wembe, kama wengi wanavyofanya, umemwaga mbegu za ugonjwa ardhini ili kondoo wengine wajichotee.

Magamba na vidonda kwenye midomo ya wanakondoo wengi kwa mpigo, mara nyingi ni orfu, ugonjwa wa virusi unaoambukiza hata binadamu. Yule kijana anayewashika midomo bila glavu anaweza kuondoka na kidonda mkononi. Kwa kawaida wanyama hupona wenyewe baada ya wiki tatu au nne, na hapo ndipo sindano yetu inapojipatia sifa za bure! Ingekuwa ni maji ya bomba, wangepona vile vile.

Malengelenge mdomoni pamoja na kuchechemea, wazia ugonjwa wa miguu na midomo. Homa, makamasi, matongo, vidonda kwenye fizi na kuharisha, wazia sotoka ya mbuzi na kondoo. Uso kuvimba na ulimi kugeuka rangi, wazia ugonjwa wa ulimi wa buluu. Hayo hayahitaji ujanja wa dukani. Unamwita afisa mifugo siku hiyo hiyo, na hakuna mnyama anayetoka zizini.

Halafu kuna jino bovu lililooza mzizi na kuvimbisha mfupa. Kuna mwiba uliojichimbia. Kuna bakteria wanaofanya vinundu vigumu kwenye midomo na mashavu, na hao, ili nisionekane mbishi wa kila kitu, antibayotiki inaweza kuwasaidia. Na mwisho kabisa, kuna uvimbe wa kweli kweli: chembe za mwili zilizoasi na kuota bila mpangilio. Kansa. Ndiyo, kondoo naye anapata kansa ya mdomo. Si ugonjwa wa kila siku. Ni nadra. Lakini nadra si sawa na haipo.

Kansa ya mdomo wa kondoo inatambulikaje? Mara nyingi ni mnyama mzima, mmoja katika kundi, bila homa. Uvimbe ni mgumu, umeng'ang'ania mfupa, unakua kwa wiki na miezi. Meno ya eneo hilo yanalegea au yanapinda. Kondoo anatafuna upande mmoja, majani yanajaa shavuni, pumzi inanuka, mate yana damu, mwili unakonda wakati wenzake wananenepa. Ili uone hayo ni lazima umzuie vizuri, umtanue mdomo kwa kifaa na si kwa vidole vyako (magego ya kondoo hayana utani), umulike tochi hadi nyuma, upapase taya zote mbili ulinganishe kushoto na kulia, kisha uguse tezi za shingoni kujua kama nazo zimevimba. Dakika kumi. Hakuna umeme, hakuna kompyuta, hakuna mfadhili.

Lakini hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu, nisomeni vizuri. Hata ukimulika tochi mpaka betri ife, jicho peke yake haliwezi kukuambia kwamba hii ni kansa. Orfu sugu inaweza kuota manundu kama ua la koliflawa, ukaapa ni kansa. Kansa nayo inaweza kuchubuka juu ikajaa uchafu na usaha, ukaapa ni jipu. Na hiyo ya pili ndiyo inayotudanganya zaidi: ukichoma antibayotiki, bakteria walioota juu ya kansa wanapungua, harufu inapungua, mfugaji anasema "naona ana nafuu". Chini yake chembe zinaendelea kula mfupa.

Kwa hiyo unakata kipande. Basi. Unamtia kondoo ganzi ya sehemu hiyo, kwa kipimo makini maana kondoo ganzi ikizidi humdhuru, kisha unakata kipande kidogo chenye kina, kutoka ukingoni ambako nyama mbovu inakutana na nyama nzima. Ukichukua cha juu juu utapeleka maabara usaha na nyama iliyokufa. Kipande kisizidi unene wa sentimita moja, maana dawa ya kuhifadhia hupenya taratibu. Unakitumbukiza kwenye chupa yenye mdomo mpana, ndani yake fomalini ya asilimia 10, na fomalini iwe mara kumi ya ujazo wa kipande. Kama unataka pia bakteria wapandwe, sampuli ya bakteria inakwenda kwenye chupa nyingine isiyo na fomalini, maana fomalini inaua kila kitu. Unaandika umri, jinsia, mahali, uvimbe una muda gani. Maabara wanakigandisha kipande kwenye nta, wanakikata vipande vyembamba kuliko unywele, wanavipaka rangi, wanaangalia kwa hadubini. Hapo ndipo mtu anaweza kusema neno kansa bila kudanganya.

Chupa, wembe, fomalini, ganzi, glavu, karatasi. Nitajieni katika orodha hiyo kitu ambacho nchi hii imeshindwa kukinunua. Tumenunua mashangingi!

Niliwahi kukaa asubuhi nzima katika duka moja la dawa za mifugo, sitalitaja, nikisubiri mtu wa kuhojiana naye. Wateja walikuja mmoja mmoja. Mzee mmoja alieleza kwa mikono: kondoo jike, kavimba hapa, tangu kabla ya mvua, hali vizuri. Kijana wa kaunta hakuuliza swali hata moja. Hakuuliza umri, hakuuliza ni wangapi, hakuuliza kama ni kugumu au kulaini. Alinyoosha mkono nyuma bila hata kugeuka, kama mtu anayejua swichi ya taa ilipo, akaiweka chupa mezani. "Mpige hii, mzee wangu, siku tatu." Mzee akasema, "Nilishampiga hii, mwanangu." Kijana akajibu, "Basi ongeza dozi."

Simlaumu sana yule kijana. Yeye anauza. Wala mzee simlaumu, kwa sababu kituo cha kupimia hakijui kilipo, na hata angekijua, nauli ya kwenda na kurudi ingemmaliza. Ninaowalaumu ni wale waliojenga mfumo ambao chupa ya dawa inamfikia mfugaji kila kijiji, ila chupa ya sampuli haitoki kijijini. Biashara imefika. Elimu imebaki njiani ikisubiri usafiri.

Najua kuna hoja, na wanaozitoa si wajinga. Wanasema: kondoo mmoja ana thamani gani? Kansa ya mdomo wa kondoo haina tiba ya maana, mwisho wa yote unamchinja. Sasa kwa nini uingie gharama ya kujua jina la kitu ambacho huwezi kukitibu? Mchinje, yaishe.

Ingekuwa kila uvimbe ni kansa, ningekubali. Tatizo ni kwamba hujui kama ni kansa mpaka uangalie! Na usipoangalia, unachokificha huenda si cha kondoo mmoja. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa rasmi Tanzania mwaka 2008, kule Ngorongoro. Baadaye watafiti wakapima damu za wanyama zilizokuwa zimehifadhiwa tangu 2004, wakakuta alama za virusi hao. Miaka minne ugonjwa umo nchini unatembea bila kitambulisho. Huo una vidonda vya mdomoni ambavyo mtu yeyote mwenye tochi angeviona. Mwaka 2009 ukaonekana kusini, mkoani Mtwara, na watafiti wakaufuatilia hadi kwa mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu. Pugu, wandugu! Hapo hapo Dar es Salaam, tunakochagua mbuzi wa sikukuu. Chanjo ya ugonjwa huo ipo na inafanya kazi, na dunia imejiwekea lengo la kuutokomeza ifikapo 2030. Lakini huwezi kutokomeza kitu unachokiita "uvimbe" na "vidonda vya kawaida".

Halafu kuna hilo la mnadani. Kondoo aliyechomwa sindano tatu juzi, anachinjwa leo. Kila chupa ya dawa hiyo ina lebo inayosema usubiri siku ngapi kabla ya kula nyama. Nani anasubiri? Mgonjwa anauzwa kwa sababu hajapona, na hajapona kwa sababu dawa haikuwa yake, na dawa aliyopewa sasa iko kwenye sahani yako. Kisha tunaandaa kongamano hotelini, chai na sambusa, kuulizana kwa nini vimelea vimekuwa sugu.

Hoja nyingine ninayoisikia ni ile ya "hayo ni mambo ya Wazungu". Eti kuchunguza kansa ya kondoo ni anasa ya nchi zilizoshiba. Hii inanichekesha, maana mfano mmoja mzuri wa kazi hii haukutoka Ulaya, ulitoka kwa jirani. Mwaka 1971 jarida la Uingereza la utafiti wa kansa lilichapisha taarifa ya Plowright, Linsell na Peers kuhusu kansa ya tumbo la kwanza la ng'ombe nchini Kenya, iliyokuwa imejikusanya katika bonde la Nasampolai, upande wa Narok. Huyo Walter Plowright ndiye yule yule aliyetengeneza chanjo ya sotoka ya ng'ombe pale Muguga, karibu na Nairobi. Sotoka hiyo iliwafilisi wafugaji wa Afrika Mashariki miaka ya 1890, na mwaka 2011 ikatangazwa kutokomezwa duniani. Mtu mwenye kazi nzito kiasi hicho hakuona haya kuuliza kwa nini ng'ombe wa bonde moja wanaota uvimbe tumboni. Bonde moja, ng'ombe wa Wamasai, nyama imekatwa, hadubini imeangalia. Afrika Mashariki hii hii.

Na kama mnamtaka kondoo mwenyewe, nendeni kaskazini mashariki mwa Yorkshire, Uingereza. Wafugaji wa kule milimani walikuwa na kondoo wenye uvimbe wa taya na wa tumbo. Watafiti wawili, McCrea na Head, wakahesabu katika mashamba saba, wakachapisha mwaka 1978. Wakashuku aina ya kangaga iitwayo brakeni, inayofunika vilima vile. Hawakuishia kushuku. Waliwalisha kondoo mmea ule, na mwaka 1981 wakachapisha kwamba uvimbe ulitokea. Mmea huo una sumu inayoharibu vinasaba. Jamaa wa jenasi hiyo ya Pteridium wanaota pia kwenye nyanda zetu za juu, kama Usambara na Kilimanjaro. Sisemi kwamba kondoo wa Lushoto wanapata kansa kwa sababu hiyo. Nasema kwamba tukiendelea na utaratibu wetu wa sindano na mnada, hata kama wanapata, hakuna njia ambayo taarifa hiyo ingetufikia. Ushahidi tunaula na kachumbari.

Mnaona sasa kwa nini kondoo mmoja si kondoo mmoja? Mnyama anakula majani ya pale, anakunywa maji ya pale, hasafiri kwenda kazini, havuti sigara, hanywi konyagi. Akiota uvimbe mdomoni, mahali pale panaweza kuwa pamesema jambo. Na sisi tunaoishi Afrika Mashariki, ambako kansa ya koo la chakula inawaua watu wengi kuliko sehemu nyingi za dunia, kuanzia magharibi ya Kenya hadi Kilimanjaro na Malawi, tulipaswa kuwa wa kwanza kutega sikio.

Sasa tufanye nini? Maana kulalamika bila kusema la kufanya ni usanii.

Kwanza, kila afisa mifugo wa kata awe na boksi la sampuli kama alivyo na boksi la chanjo. Chupa kumi za fomalini, vyombo vya kukatia, fomu, na daktari wa mifugo wa kumpigia simu. Mabasi yanabeba samaki kutoka Mwanza na magunia ya mkaa kutoka kila msitu, yatashindwa kubeba kichupa kilichofungwa vizuri? Wakala ya Maabara ya Veterinari upo tangu 2012, makao yake Temeke, na una vituo kanda mbalimbali. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kinafundisha madaktari wa mifugo na kina wataalamu wa kusoma tishu. Vichwa vipo. Kinachokosekana ni njia kati ya zizi na hadubini, na mtu wa kuilipia.

Pili, serikali ilipie kipimo. Mfugaji asilipe. Faida ya kujua ni ya kundi zima la wilaya na ya mlaji wa mjini, kwa hiyo haki gani imtwishe mzee mmoja mwenye kondoo sita? Ukimlipisha atauza. Mimi ningekuwa yeye, ningeuza.

Tatu, machinjioni. Kichwa cha kondoo kinapita mbele ya mkaguzi wa nyama kila siku. Taya lenye nundu linakatwa na kutupwa, na habari yake inatupwa nalo. Likatwe, kipande kiwekwe kwenye chupa, iandikwe kondoo katoka mnada gani. Kitu kidogo hicho.

Nne, na hili muhimu kuliko yote: majibu yarudi. Mfugaji aliyetoa kipande akakaa mwaka bila kusikia neno, hatatoa kingine. Ujumbe wa simu unatosha. "Mzee, si jipu. Usimchome tena. Wengine wako salama." Kwa mfugaji, sentensi hizo tatu zina thamani kuliko hotuba zote za Nanenane.

Na kwenu wenzangu wa mjini mnaosema hayawahusu. Watu wangapi mnawajua waliokuwa na kidonda mdomoni kisichopona, wakapewa antibayotiki, wakapewa nyingine, wakapewa ya kusukutua, na mtu wa kwanza kukata kipande akawa daktari wa Ocean Road, miezi mingi baadaye? Wagonjwa wengi wa saratani katika nchi hii hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshakomaa. Ni mazoea yale yale, chupa tu ndiyo imebadilika. Taifa lililozoea kutibu bila kuangalia halibagui kati ya kondoo na mwenye kondoo.

Kwa hiyo kesho ukisimama kwenye kaunta, iwe ya dawa za mifugo au za watu, na mtu akakunyooshea chupa kabla hajakuuliza swali, mwulize wewe: umeangalia?

Akikuambia "ongeza dozi", ondoka.